Ifuateni Nyongo: Mazungumzo Kuhusu Saratani ya Njia za Nyongo

Ndugu zangu wagonjwa, ndugu wauguzaji, na nyinyi wenzangu wa kada ya afya mliokaa kule nyuma mkidhani sijawaona, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie saratani ya njia za nyongo. Ni ugonjwa wa nadra. Katika nchi nyingi hauwapati hata watu 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, ndiyo maana wengi wenu hamkuwahi kuusikia mpaka siku mlipotajiwa na daktari, tena kwa haraka, huku wagonjwa wengine wakisubiri zamu mlangoni.

Sitaanza na saratani. Nitaanza na nyongo yenyewe, kwa sababu ukishajua inatoka wapi, inapita wapi na inaishia wapi, karibu kila jambo mtakaloambiwa hospitalini litaeleweka: dalili, vipimo, upasuaji, mirija mnayowekewa, hata ile homa ya usiku wa manane. Usipoijua njia hiyo utabaki kuitikia "sawa daktari" kwa mambo ambayo hayajakuingia.

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, kati ya nusu lita na lita moja kila siku. Kazi yake ni mbili. Inayeyusha mafuta ya chakula ili utumbo uyafyonze, pamoja na vitamini A, D, E na K ambazo husafiri na mafuta hayo. Tena inabeba taka, hasa bilirubini, ile rangi inayobaki seli nyekundu za damu zikizeeka na kuvunjwa. Sasa fikirieni mto. Ndani ya ini mna vijito vidogo mno visivyohesabika. Vinaungana, vinanenepa, mpaka vinabaki viwili, cha kulia na cha kushoto. Hivyo viwili vinakutana kwenye lango la ini na kuwa mto mmoja. Mto unashuka, unapokea tawi kutoka kwenye kifuko cha nyongo (kile kilichojibanza chini ya ini, nyongo mkalia ini ya washairi wetu), unapita nyuma ya kichwa cha kongosho, kisha unamwaga kwenye utumbo mdogo, mbele kidogo tu ya tumbo la chakula. Upana wa mto huo ni milimita 6 hivi. Uvimbe ambao mahali pengine mwilini usingemsumbua mtu kwa muda mrefu, hapa unatosha kumgeuza manjano.

Saratani tunayoizungumzia huanzia kwenye utando wa ndani wa mirija hii. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari si "imefika hatua ya ngapi?" bali "iko sehemu gani ya njia?" Tafadhalini, libebeni swali hilo. Kama imeanzia kwenye vijito vya ndani ya ini, vijito vingine vinaendelea kupitisha nyongo, mgonjwa hawi manjano, na uvimbe unakua kimya hadi uwe mkubwa au uonekane kwa bahati kwenye altrasaundi iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Hii ni ya wachache, ingawa katika nchi nyingi imekuwa ikiongezeka. Langoni, pale mirija miwili inapokutana, ndipo penye wagonjwa wengi zaidi, karibu nusu yao au kupita. Daktari Mmarekani, Gerald Klatskin, aliandika mwaka 1965 juu ya wagonjwa 13 wa namna hiyo, na hadi leo mtasikia madaktari wakisema "uvimbe wa Klatskin". Ya tatu iko chini, karibu na kongosho, na mara nyingi hata bingwa hawezi kuitenga na saratani ya kongosho mpaka nyama iliyokatwa ipimwe baada ya upasuaji. Kifuko cha nyongo nacho kina saratani yake, lakini hiyo ina tabia zake na leo siigusi.

Haya, njia imeziba. Nyongo haina pa kwenda, inarudi nyuma na kuingia kwenye damu. Bilirubini ikifika mara mbili au tatu ya kiwango cha kawaida, weupe wa macho huanza kubadilika. Ukitaka kumchunguza mtu, msogeze dirishani mchana, mwambie atazame chini, kisha mwinue kope ya juu. Mwanga wa taa hudanganya. Kwa mwenye ngozi nyeusi usihangaike na ngozi. Macho ndiyo yatakayokwambia, na sehemu ya chini ya ulimi.

Bilirubini hiyo imekwisha kupita kwenye ini, kwa hiyo inayeyuka kwenye maji, na figo huitoa. Mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea hata kama mgonjwa amekunywa maji ya kutosha. Huku chini, utumbo hauipati, na bilirubini ndiyo inayokipa kinyesi rangi yake. Kinapauka, kinakuwa cha kijivu au karibu na cheupe, kinaelea kwa mafuta ambayo hayakuyeyushwa, na harufu yake inazidi. Samahanini, najua baadhi yenu mmetoka kula. Lakini mgonjwa anayeweza kumwambia daktari "mkojo umekuwa mweusi na choo kimekuwa cheupe, tangu wiki ya juzi" ameshafanya nusu ya kazi ya daktari.

Kisha kuna mwasho. Namkumbuka mama mmoja fundi cherehani aliyekuja na rula yake ya mbao mkobani, ile ya kupimia vitambaa, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akijikunia nyayo usiku. Mwasho wa nyongo hupenda viganja na nyayo, na usiku ndio wakati wake. Alikuwa ameshabadilisha sabuni, amefua mashuka yote kwa maji ya moto, amepewa dawa ya fangasi na dawa ya mzio, na ile ya mzio ilimletea usingizi tu. Ngozi yake haikuwa na upele wowote ila mikwaruzo aliyojitia mwenyewe. Aliyegundua ni wifi yake, siku moja wamekaa nje mchana: "Wifi, mbona macho yako hivyo?" Akamwambia aende hospitali. Mama akajibu, "Niende kufanya nini na siumwi popote?"

Hapo ndipo ugonjwa huu unapotunyang'anya muda. Vijiwe vya nyongo vikikwama huuma vibaya, mtu hujikunja, hutapika, hukimbizwa hospitali usiku huohuo. Uvimbe hubana polepole, na njia hutanuka polepole bila kelele. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliliona hilo tangu mwaka 1890: mtu akiwa manjano, na kifuko cha nyongo kimevimba hadi kinashikika kwa mkono bila kuuma, usitarajie sana kukuta vijiwe. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia, kukonda, kukosa hamu ya kula na uchovu usioelezeka huja pia, lakini mara nyingi huja baadaye.

Kwa hiyo hapa nasema waziwazi, hata wenzangu wakinuna. Mtu mzima aliyegeuka manjano hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge vya vitamini asubiri "homa ya ini ipite" kabla hajapigwa altrasaundi. Altrasaundi haina sindano wala mionzi, na inajibu swali moja kubwa: je, mirija ya nyongo imetanuka? Ikiwa imetanuka, kuna kizuizi mahali fulani mbele yake, na homa ya ini peke yake haitanui mirija. Vipimo vya damu vya ini navyo vinasaidia, kwa kuwa kizuizi hupandisha zaidi vimeng'enya viitwavyo alkali fosfatesi na GGT, wakati homa ya ini hupandisha zaidi vile vimeng'enya vinavyomwagika seli za ini zikiumia. Na zile dawa za chupa za "kusafisha ini"? Hakuna mti shamba unaozibua mrija uliobanwa na uvimbe. Nyingine humwongezea kazi ini ambalo tayari limeelemewa. Nimewaona waliopoteza miezi humo, na miezi ndiyo tusiyokuwa nayo.

Baada ya altrasaundi huja CT na MRI, mashine zinazopiga picha za kina za ndani ya mwili. Kuna namna ya MRI inayochora njia za nyongo kwa kutumia majimaji yaliyomo humohumo, bila kuingiza kitu mwilini. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kuonyeshwa mto unapokatikia. Halafu kuna ile kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, mpaka mlango wa nyongo. Kupitia hapo daktari anaweza kuchukua seli kwa brashi, na kuweka stenti, yaani kijirija cha plastiki au cha wavu wa chuma, ili nyongo ipite.

Utaratibu wa hatua hizi una uzito mkubwa. Kama mgonjwa hana maambukizi makali, picha kamili zitangulie na stenti ifuate. Stenti ikishaingia, mirija iliyokuwa imetanuka hunywea, kuta zake huvimba kwa mchubuko, na ukingo wa uvimbe unapotea kwenye picha. Daktari wa upasuaji anayepaswa kupima kama uvimbe umeishia hapa au milimita kadhaa mbele anabaki kukisia. Mkiambiwa "kesho tunaweka stenti", ulizeni kwa adabu: "Picha zote za kuamua upasuaji zimeshapigwa, daktari?" Atakayekasirika kwa swali hilo, shida ni yake.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kinyama. Tumezoea kwamba saratani huthibitishwa kwa kukata kinyama na kukipeleka maabara. Hapa ni vigumu. Uvimbe huu mara nyingi ni kovu gumu lenye seli chache za saratani zilizotawanyika, umejificha mahali ambapo sindano haifiki kirahisi, na brashi inaweza kuzikosa karibu nusu ya safari. Jibu likirudi "hakuna seli za saratani zilizoonekana", msipige vigelegele bado. Maana yake ni kwamba brashi haikuzipata. Wakati mwingine picha zinatosha, na timu inaamua kupasua bila uthibitisho huo, ikijua kwamba wachache watakutwa hawakuwa na saratani. Upo ugonjwa wa kinga ya mwili, unaohusishwa na kingamwili iitwayo IgG4, unaobana njia za nyongo vilevile na ambao hupoa kwa dawa za steroidi. Ni busara kuutafuta kwa kipimo cha damu kabla ya kumkata mtu nusu ini. Kile kipimo kingine cha damu, cha kiashiria cha saratani kiitwacho CA 19-9, kisipewe cheo kisichokuwa chake. Hupanda njia ikiziba kwa sababu yoyote, hupanda zaidi kukiwa na maambukizi, na kati ya watu 100 wapo 5 hadi 10 ambao miili yao haikitengenezi kiashiria hicho kabisa.

Na kuhusu sindano ya kupitia ukuta wa tumbo kwenda kwenye uvimbe wa langoni: isichomwe kabla ya kuzungumza na timu ya upasuaji. Inaweza kusambaza seli kwenye njia ya sindano, na kwa vituo vinavyopandikiza ini kwa ugonjwa huu, kuchomwa sindano hiyo kunamwondoa mgonjwa kwenye orodha.

Watu huniuliza, umetoka wapi? Kwa wagonjwa wengi hatupati sababu. Tunachojua ni kwamba chochote kinachouchoma utando wa njia za nyongo kwa miaka mingi, utando ukiumia na kujijenga upya, ukiumia na kujijenga upya, huongeza hatari. Mfano mkubwa kuliko yote duniani uko kaskazini mashariki ya Thailand. Huko saratani hii, ambayo kwetu sote ni nadra, imekuwa miongoni mwa zinazoua watu wengi zaidi, na chanzo kikuu ni mnyoo wa ini. Mayai yake huingia mtoni na kinyesi cha binadamu, konokono wa majini huyameza, kisha viluwiluwi vyake huhamia kwenye nyama ya samaki wa maji baridi. Mtu akila samaki huyo akiwa mbichi au amechachushwa tu, mnyoo hupanda kwenye njia za nyongo na kuishi humo miaka mingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliutangaza kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1994, na mnyoo ndugu yake wa Uchina na Korea likautangaza mwaka 2009. Prazikwanteli huua minyoo hiyo. Moto wa jikoni huizuia isiingie. Tabu ni kwamba anayetibiwa leo akirudia samaki mbichi, anaambukizwa upya.

Mfano wa pili ni wa Japani. Katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Osaka, wafanyakazi zaidi ya 10, baadhi yao vijana wa miaka ya 20 na 30, walipata saratani hii, wakati kwa kawaida ni ugonjwa wa waliopita miaka 60. Walikuwa wakisafisha wino kwa kimiminika chenye kemikali iitwayo dikloropropani, ndani ya chumba chenye hewa finyu. Kisa hicho ndicho kilichosababisha kemikali hiyo iwekwe mwaka 2014 kwenye kundi la zinazojulikana kuleta saratani. Sababu nyingine nazitaja haraka: vijiwe vya ndani ya ini, uvimbe wa maji wa njia za nyongo ambao mtu huzaliwa nao, ini lililosinyaa kwa makovu, homa ya ini B na C.

Upo pia ugonjwa wa kinga ya mwili unaotia makovu kwenye njia za nyongo, unaoandamana mara nyingi na vidonda vya utumbo mpana. Wanaougua huo wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine wengi. Mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Walter Payton, alitangaza mapema mwaka 1999 kwamba anao na kwamba anasubiri kupandikizwa ini. Saratani ya njia za nyongo ikagundulika, upandikizaji ukawa hauwezekani tena, na alifariki Novemba mwaka huohuo.

Tuje kwenye tiba. Inayoweza kuuondoa ugonjwa ni upasuaji, na aina ya upasuaji inategemea lile swali la kwanza. Uvimbe wa chini: unaondolewa pamoja na kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo na kifuko cha nyongo. Uvimbe wa ndani ya ini: inakatwa sehemu ya ini. Wa langoni ndio mgumu, maana unakata njia, unakata upande mmoja wa ini, na kandokando yake imepita mishipa mikubwa ya damu ambayo usipoweza kuikwepa, huna upasuaji. Ini lenye afya linaweza kuvumilia kukatwa hadi karibu asilimia 70, kwa kuwa hukua tena. Likionekana kwamba kitakachobaki ni kidogo mno, upo ujanja ulioanzishwa na madaktari wa Japani miaka ya 1980: mshipa unaolisha upande utakaokatwa unazibwa kwanza, damu inaelekezwa upande mwingine, na baada ya majuma kadhaa upande huo unakuwa umenenepa. Mgonjwa akiambiwa asubiri kipindi hicho huona kama anatelekezwa, na mimi nalielewa hilo. Lakini ini lake liko kazini.

Sitawaficha: wengi, zaidi ya nusu, hufika wakati upasuaji haufai tena. Na kwa waliopasuliwa, ugonjwa hurudi kwa wengi wao. Kwa sababu hiyo siku hizi baada ya upasuaji hupewa vidonge vya kapesitabini kwa miezi sita, kufuatana na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019. Kwa wachache wenye uvimbe mdogo wa langoni usioweza kukatwa na ambao haujasambaa, vituo vichache duniani hutoa mionzi na dawa, kisha hupandikiza ini jipya. Waliochaguliwa vizuri, zaidi ya nusu wamevuka miaka mitano.

Ambaye hapasuliki ana tiba pia. Mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 410 ulionyesha kwamba dawa ya saratani iitwayo jemsitabini ikichanganywa na nyingine, sisplatini, inarefusha maisha kuliko jemsitabini peke yake: muda wa kati ulipanda kutoka miezi 8.1 hadi 11.7. Mtaniambia ni kidogo. Ni kidogo, lakini muda wa kati maana yake nusu ya watu waliupita, na wengine waliupita kwa mbali. Tangu mwaka 2022 tunaongeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili, durvalumabu, na katika utafiti wake takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa hai baada ya miaka miwili, wakati kwa waliopewa dawa za zamani tu alikuwa mmoja kati ya kumi. Halafu kuna kupima jeni za uvimbe wenyewe. Kwa uvimbe wa ndani ya ini hasa, asilimia 10 hadi 15 wana hitilafu ya jeni iitwayo FGFR2, na wengine wa idadi inayokaribiana na hiyo wana ya IDH1. Kila moja ina vidonge vyake, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 na 2021. Kipimo hicho kiombwe mapema, maana kinahitaji kinyama cha kutosha, na majibu huchukua wiki kadhaa.

Sasa jambo ambalo ningelisema hata kama mngenipa dakika tano tu. Mwenye stenti, au mwenye mrija wa kumwaga nyongo unaotoka ubavuni kwenda kwenye mfuko wa nje, akipata homa na kutetemeka, ni dharura. Stenti ya plastiki huziba, kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na nyongo iliyotuama huota bakteria ambao huingia kwenye damu kwa kasi ya kutisha. Usimpe paracetamol ukasubiri kupambazuke. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda saa hiyohiyo, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Ana stenti ya nyongo na anatetemeka." Wagonjwa wa ugonjwa huu hufa kwa maambukizi ya njia iliyoziba mara nyingi kuliko mnavyodhani, na kifo hicho, tofauti na saratani yenyewe, mara nyingi kinazuilika.

Wenye mfuko wa nje, muwe na daftari. Andikeni kila siku umetoka ujazo gani na rangi gani. Nyongo safi ni ya manjano ya dhahabu au kijani. Ikiwa chafu, yenye usaha au damu, semeni. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, hata mgonjwa akilala. Kama mmefundishwa kuingiza maji ya chumvi kwa sindano kusafisha mrija, sukumeni taratibu. Yakigoma, acheni, msilazimishe. Mfuko uliokuwa ukijaa kisha ghafla ukawa mkavu haujapona. Mrija umeziba au umechomoka.

*Maswali kutoka ukumbini*

Mzee mmoja aliuliza kama mwasho una dawa, maana halali. Mzee wangu, dawa kubwa ni kuizibua njia. Nyongo ikipita, mwasho hupungua siku chache baadaye. Wakati wa kusubiri kuna unga uitwao kolestiramini, ambao haumezwi pamoja na dawa nyingine kwa sababu huzinasa, na rifampisini, ndiyo, ileile ya kifua kikuu, husaidia baadhi ya watu. Kucha fupi, maji ya baridi, nguo nyepesi. Na ukiona fizi zinatoka damu au michubuko isiyo na sababu, sema, kwa kuwa vitamini K haifyonzwi bila nyongo, na damu inakosa kuganda. Sindano ya vitamini hiyo hurekebisha.

Binti mmoja alisema baba yao anajua ana "tatizo la ini" tu, na kaka zake wamekubaliana asiambiwe. Mwanangu, mimi siwezi kuingia kwenye baraza la familia yenu. Ninaloweza kukwambia ni kwamba karibu kila mzee niliyemkuta "hajaambiwa" alikuwa anajua kuna kitu, na alikuwa ananyamaza ili asiwahuzunishe watoto. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaosema, "Zungumzeni na mwanangu mkubwa, mimi nitakunywa dawa." Hiyo ni haki yake pia, lakini awe ameisema yeye.

Kijana aliyekaa karibu naye akauliza kama wao watoto wapimwe. Kwa kawaida haurithiwi. Zipo familia chache zenye hitilafu za jeni, mfano ya BRCA2 au zile za ugonjwa wa Lynch, ambamo saratani za matiti, ovari, utumbo mpana au mji wa mimba zimejirudia. Hao wazungumze na mtaalamu wa vinasaba. Wenye ule ugonjwa wa makovu ya njia za nyongo hupigwa altrasaundi au MRI kila baada ya miezi 6 hadi 12. Wengine hamna kipimo cha kufanya kila mwaka. Pata chanjo ya homa ya ini B kama hujapata.

Wakati wa ukumbi umekwisha, naona mlinzi ananitazama. Wenye picha zao mkononi wanione hapa mbele kabla sijaondoka, na tafadhalini mje na CD yenyewe. Ripoti peke yake hainitoshi.